Mtaalamu wa Ndege na Chupa ya Maracuja

Katika ukoo wa mume wangu kuna msomi mmoja, na nadhani Mungu alimwona akasema anatosha. Ni mdogo wa baba mkwe wangu, sote tunamwita Tonton. Kazi yake, miaka yote aliyoishi Ulaya, ilikuwa kuchunguza akili za marubani: kwa nini mtu aliyesoma, mwenye macho mazima, anaipeleka ndege mlimani. Yeye mwenyewe hajawahi kurusha hata tiara. Alilipwa kuwauliza waliorusha walikuwa wanafikiri nini.

Hapa Rumonge hatukumwelewa vizuri. Mama mmoja kutoka Gatete alimletea mumewe mlevi, akidhani ni daktari wa wendawazimu.

"Mama, mimi nilikuwa nashughulika na watu wa ndege," Tonton akamwambia.

"Na huyu akinywa anaruka ukuta, si ni walewale?"

Nilicheka kama wengine, mpaka siku mwanangu alipotia sude mdomoni.

Sude ni ile dawa kali tunayochanganya na mawese kupata sabuni. Ikigusa ngozi inachoma kama kaa la moto. Mama mkwe anapika sabuni nyuma ya nyumba tangu sijazaliwa, na wateja wanaifuata toka Magara. Maji ya sude yanayobaki alikuwa anayaweka kwenye chupa ya jusi ya maracuja, yaani pasheni, kando ya mtungi wa maji ya kunywa, eti hapo pana kivuli. Mwanangu, ambaye bado anaongea kwa kuonyesha kidole, aliona chupa anayoijua. Alionja, akatema, akapiga ukelele ambao nausikia mpaka leo. Tulilazwa hospitali. Alipona, ila mdomo wa chini una kovu.

Tuliporudi hakuna aliyeniuliza mtoto anakula nini. Kiliitishwa kikao. Mama mkwe alikuwa ameshaamua: mtoto aende Nyanza-Lac kwa wifi yangu mkubwa, "mpaka huyu ajifunze kulea." Huyu ni mimi. Nilikuwa nimekaa mbele yake, na masikio yangu yote mawili.

Tonton akaja toka Bujumbura, anakofundisha siku hizi, viatu vyeupe, miwani myeusi, akakataa kiti.

"Hapa hatutafuti mkosaji," akatangaza. "Mkiuliza nani, watu wanaficha. Tunauliza vipi. Kila mtu asimame pale alipokuwa asubuhi ile."

Basi watu wazima tukacheza mchezo uani. Mama mkwe kwenye sufuria lake. Mume wangu amelala mkekani, anaita nimtafutie soksi. Mimi natafuta soksi za mwanamume mzima. Mwanangu aliigizwa na bidoni, dumu tupu la mawese.

"Nani aliiona chupa hii hapa kabla ya siku ile?" Tonton akauliza.

"Mimi," nikasema. "Nikamwambia mume wangu amwambie mama yake aihamishe. Si mara moja."

Tonton akamgeukia. "Na weye ulimwambia?"

"Tonton, ningeanzaje? Sabuni ni ya mama."

Tonton akapiga makofi. "Hapo! Hapo ndipo ndege zinaanguka! Rubani mdogo anauona mlima, anamwogopa mkubwa wake, ananyamaza, wanakufa wote!"

Alifurahi kama mtu aliyeokota pochi. Niliutazama mdomo wa mwanangu, kisha nikayatazama meno ya Tonton yote nje.

Mama mkwe akaweka mwiko chini. "Kwa hiyo kosa iko kwangu? Mimi niliyekusomesha na hii hii sabuni?"

Ungemwona! Bwana mkubwa aliyewahoji marubani wa dunia nzima akapoa kama uji uliosahaulika. "Aa, shemeji, hapana. Hakuna mkosaji. Mambo tu yalifuatana."

"Basi mutoto anaenda Nyanza-Lac."

Tonton akavua miwani akaanza kuifuta kwa shati. Akaifuta, akaifuta. Nilisubiri aseme neno. Aliyajua maneno yote, alilipwa kwa ajili ya maneno hayo, na alikuwa amenyamaza.

"Tonton," nikasema, "rubani mdogo akiuona mlima, mlimfundisha afanye nini?"

"Aseme." Sauti ndogo.

"Na mkubwa asiposikia?"

"Aseme tena."

"Na asiposikia tena?"

"Anashika usukani yeye."

Nikamfunga mwanangu mgongoni. Nikaichukua ile chupa, nikaenda kuimwaga chooni, nikarudi nayo tupu.

"Mama, kwa heshima yako, sude haikai tena karibu na maji. Na mtoto haendi popote."

Wifi yangu mdogo alijiziba mdomo. Mume wangu akasimama. "Weye! Unaongea na mama!"

"Naongea naye kwa sababu wewe ulishindwa. Kaa chini."

Alikaa. Mama mkwe akaokota mwiko na kurudi kwenye sufuria. Hakutaja tena Nyanza-Lac.

Wakati wa kuaga, Tonton aliniita pembeni. Alitaka ruhusa ya kuwasimulia wanafunzi wake wa Bujumbura kisa chetu, ni mfano mzuri sana, alisema. Nikamjibu awasimulie chote, na pale aliponyamaza asiparuke.

Sude sasa inakaa kwenye sanduku lenye kufuli. Mama mkwe haniongeleshi. Akitaka chumvi anauambia ukuta, nami naupelekea ukuta chumvi. Mtoto yupo, anakimbiza kuku uani.