Zamu ya Maji Ambayo Hayajafika

Jumanne asubuhi nilipita uwanja wa zamani wa mnada wa mifugo, hapa Isiolo, ambako kaunti inarefusha mfereji. Mfereji wenyewe bado ulikuwa mstari wa chokaa juu ya vumbi. Kando yake ngamia na punda walisimama kimya, kundi nyuma ya kundi, wakiutazama. Mbele yao mama mmoja wa Kiborana, muuza maziwa, alikuwa akipanga kwa fimbo nani atanywesha kwanza, kama inavyofanywa kisimani.

"Mama, hapa hakuna maji," alisema msimamizi wa kazi, Mmeru mwenye kofia ya njano. "Hata hatujachimba."

"Najua," akajibu bila kugeuka. "Zamu inapangwa kabla maji haijafika. Maji ikitangulia, watu watauana."

Msimamizi akavua kofia. "Mimi niko na ng'ombe huko Chechelesi. Nitakuwa nyuma ya nani?"

Mama akamwonyesha kwa kidevu: nyuma ya wale punda.

Nimekalia viti vya plastiki katika vikao vyote vya mfereji huo, na hakuna aliyeuliza hilo. Nilipoondoka, nilijikuta nimekunja suruali, ndipo nikavuka ile chokaa.