Gunia Lenye Wembe

Mjomba wangu alikuwa kinyozi, na aliamini kwamba kichwa cha mtu hakijui kusema uongo. Alikuwa na duka lake: kioo kirefu, viti viwili, na redio iliyoshika stesheni moja tu. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Alisingizia baridi, akasingizia umeme, akasingizia mashine. Wateja hawakugombana naye. Mteja anayelipa akiumizwa hasemi kitu, anahama. Walihama mmoja mmoja, mpaka mjomba akafunga duka, akabeba kiti kimoja begani, akaja nacho ukumbini kwetu.

Ukumbi wenyewe uko nyuma ya soko. Sisi watu wa kujitolea huufungua kila Jumamosi kwa ajili ya wasio na uwezo. Kuna bafu zenye maji ya moto, kuna meza ya chai, ambayo ni yangu, kuna benchi la nesi mstaafu, na pembeni kona ya kunyoa. Hapo mjomba hakuhamwa na mtu. Foleni ilijaa.

"Unaona, mpwa wangu?" aliniambia siku moja akikung'uta shuka. "Wenye pesa hawana shukrani. Watu ni hawa."

Siku hiyo moja ya Jumamosi ikawa ndiyo wiki yake nzima. Mkewe alimkuta akipiga pasi koti lake jeupe, akamtania, "Unaenda kunyoa au kuposa?" Mjomba akacheka, lakini pasi hakuiacha. Kama si kile kiti, angekuwa mzee wa kukaa kibarazani tu, akiangalia vichwa vilivyonyolewa na wengine.

Basi Jumamosi moja hamali wa sokoni, mteja wake wa kila wiki, akaja amevaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Akachukua chai, akajibanza ukutani.

"We hamali!" mjomba akamwita. "Njoo, kichwa kimeota msitu."

"Leo napumzika, Fundi."

"Tangu lini nywele zikaenda likizo?"

Watu wakacheka. Mjomba, kwa utani wake ule ule, akamwendea na kumvua kofia. Kicheko kikakatika. Juu ya sikio palikuwa na kidonda kilichovimba, kimetunga usaha.

"Nani amekufanya hivi?"

"Gunia, Fundi. Liliniangukia sokoni."

"Gunia lenye wembe hilo!" akadakia mwenzake kutoka kwenye foleni.

Mmoja akaguna, mwingine akakohoa, kisha wote wakainamisha vichwa. Na walipoinama ndipo mjomba alipoona. Kovu nyuma ya sikio la huyu, mkwaruzo kwenye kisogo cha yule, alama mbichi, alama kuukuu. Akavitazama vichwa vile kimoja kimoja, na kila kimoja kikamtajia mkono wake mwenyewe.

"Mbona hukuniambia?"

Hamali alikuwa akiikunjakunja kofia. "Ningekuambia, Jumamosi ijayo ningenyolewa na nani? Cha bure hakina mdomo, Fundi."

Nimesikia hotuba nyingi chuoni kuhusu utu wa maskini. Zote kwa pamoja hazifikii sentensi ile. Mlangoni tumeandika "Karibuni nyote" kwa rangi ya bluu. Nesi alikuwa akiwapaka spiriti baada ya kunyolewa, akijua kinachowakata, akanyamaza ili mzee asivunjike moyo. Moyo wa anayetoa tuliulinda kwa ngozi ya anayepokea. Halafu tukaita huo ni wema!

Mjomba alichomoa mashine, akamkabidhi binti mwanachuo aliyekuwa akifagia nywele na kujifunza kazi kwake. Akavua koti jeupe, akalikunja, akaenda kusimama mwisho wa foleni.

"Fundi, njoo ukae huku kwetu," nesi akamwita.

"Kinyozi hajinyoi," akajibu bila kumtazama.

Zamu yake ilipofika, alijifunika shuka mwenyewe, na chini yake nikaona mkono wa kushoto ukiushika wa kulia. Binti akaanza. Mashine ikang'ata nywele, ikavuta. Nikamwona mjomba akifumba macho na kuyameza maumivu, kama walivyoyameza wao. Kisha akafumbua macho.

"Aaa! Binti, unaniumiza!"

Binti akabaki na mashine hewani. "Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe. Itie mafuta hiyo mashine, uendelee. Kusema naumia si kukufukuza."

Kisha sauti ikatoka upande wa bafu, "Na haya maji mnayoyaita ya moto, nani ameyapasha? Mbalamwezi?" Mwingine akainua kikombe akinielekezea mimi, "Na chai hii, bwana mdogo, sukari imepita jirani!" Wakacheka. Nikainama juu ya birika, masikio yakiniwaka moto.

Mjomba hakucheka. Alipomaliza kunyolewa alipita karibu na benchi la nesi, ambako hamali alikuwa akisafishwa kidonda. Hamali alipomwona, akaivuta upesi kofia yake kujifunika, kwa adabu tu, ili mzee asione.

"Iache wazi," mjomba alisema, macho yake sakafuni. Akasimama pale pale mpaka nesi alipomaliza.