Waya wa Breki

Nikifunga nyuzi mpya kwenye gitaa langu la besi, vidole hunuka chuma na grisi, kama siku ile nilipochomoa waya wa breki ya baiskeli ya baba nikaufunga kwenye debe. Baba hakujua. Aliteremka nayo mlima wa Kwashemshi, breki hakuna, akaishia kwenye shamba la mkonge. Alirudi na miiba kanzuni.

"Waya wangu uko wapi, we mtoto?"

"Huu hapa, baba. Sikiliza, unanguruma."

Akanichapa, akalikanyaga debe likawa chapati. "Nyumba hii haitatoa mpiga muziki!"

Sikulia. Waya niliuzungusha kiunoni chini ya shati. Kesho yake nikaukaza kwenye mlango wa bati wa choo, nikasubiri aingie. Alipojifungia, nikapiga.

"Acha!" akafoka kutoka ndani.

Mpaka leo sijaacha.