Kicheko cha Mke Wangu Ukutani

Kazi yangu ni kusoma mita za maji, kwa hiyo kuta za Homa Bay nazijua kama wengine wanavyowajua majirani zao. Mita huwekwa kando ya ukuta, na ukiinama kusoma namba unakuta mchoro uko mbele ya pua yako. Namjua ng'ombe wa bucha iliyo karibu na stendi, anayetabasamu wakati wenzake wananing'inia ndani kwenye ndoano. Namjua samaki ngege wa mkahawa wa sokoni, aliyeizidi sahani kichwa na mkia. Mfanyabiashara mmoja wa kutoka Pwani alichorewa sinia la pilau lenye mvuke mzito kiasi kwamba mara ya kwanza nilidhani jengo linaungua. Nilizipenda kuta hizi, na sikuwa na ugomvi na mchoraji yeyote.

Halafu asubuhi moja nikamkuta mke wangu nje ya saloni.

Si yeye mwenyewe. Yeye alikuwa kibandani kwake sokoni akishona sare za shule. Huyu alikuwa ukutani, uso mkubwa kama dirisha, nywele zimesukwa kurudi nyuma, kidoti chini ya jicho la kushoto, mwanya katikati ya meno ya juu. Mchoraji alikuwa amemvika hereni na kumpaka midomo rangi nyekundu. Sisi ni Wasabato, na mke wangu hajawahi hata kutoboa masikio. Lakini hereni ningezisamehe. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa anacheka, kichwa kimetupwa nyuma, macho yamefumba, ufizi wote nje. Tuna watoto wakubwa, tumezeeka pamoja, na kicheko kile sikukijua. Nyumbani hucheka kwa adabu, mdomo umefungwa, kama mtu aliye mbele ya mchungaji.

Aliyemchora alikuwa amekiona. Mita za siku ile nina hakika nilizisoma vibaya.

Jumapili, siku ambayo sina kazi, niliuzunguka mji mzima kwa miguu. Nilikuwa natafuta mwanamke mwingine. Nilitaka saloni moja tu yenye uso mwingine, nipumue. Wapi! Alikuwa kwenye barabara ya kupanda hospitalini, amevaa gauni la kijani. Alikuwa upande wa ziwani, kwenye mlango wa mabati, na hapo walimfungua na kumfunga kila mteja alipoingia. Nilisimama kumtazama hadi mwenye saloni akatoka nje.

"Mzee, unatafuta mtu?"

"Nani amechora hii?"

"Mchoraji wa Migori. Akikuja huku lazima apumzike huko sokoni kwa mafundi wa nguo. Ako na rafiki yake huko."

Rafiki. Nilirudi nyumbani nikilitafuna neno hilo.

Mke wangu alikuwa anachambua mboga. Nikamwambia, kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida, kwamba picha yake imejaa mjini.

"Nimeziona. Wanasema ata Migori ziko."

"Na hukuniambia?"

"Si wewe ndio hupita kwa hizo kuta, Baba watoto? Nilijua utaona tu."

"Nani alikuchora?"

"Rafiki yangu," akasema, akaendelea na mboga zake.

Ningeweza kuuliza zaidi. Lakini mwanamume mwenye wivu ni mpumbavu mwenye kiburi, na mimi nilitaka kumwona huyo rafiki kwa macho yangu. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Migori. Njia nzima nilipanga maneno. Yalikuwa maneno makali, ya kumwambia mwanamume mwenzangu.

Sikupata shida kumpata. Mke wangu alikuwa ukutani mkabala na soko, nusu ya uso tu, bado hana macho, na juu ya ngazi alikuwa mama mmoja wa umri wake, amevaa ovaroli, rangi hadi viwikoni. Nikauliza mchoraji yuko wapi. Akanitazama, akaanza kushuka.

"Shemeji! Ni wewe! Nimekujua na vile umesimama. Karibu, karibu."

Maneno yangu yote yakakosa wa kuambiwa. Nilipata nafuu, sikatai. Kwa muda mfupi nilijiona mjinga mwenye furaha. Nikamuuliza kwa nini ni uso wa mke wangu tu, kila mahali.

"Uso ukishakaa kwa mkono, hauachi. Kila mchoraji ako na uso wake," akasema. "Mwanzo nilikuwa nachora mama yangu. Wenye saloni wakalalamika ati anakaa mkali, anafukuza wateja. Sasa huyu, vile anacheka, watu wanaingia wenyewe."

"Na alikuwa anacheka nini?"

Akaanza kuipangusa brashi, polepole kuliko ilivyohitaji.

"Shemeji, usikasirike. Alikuwa anakuigiza."

"Mimi?"

"Vile unatoka kazi unaangalia mfereji wako mwenyewe ni kama umeshika mwizi. Unagonga bomba na kalamu, unasema 'Mhm.' Vile unagombeza kuku wakikunywa maji ya ndoo. Woi! Akianza hiyo, sisi hapo kibandani hufa."

Sikukasirika. Ningekasirika ingekuwa afadhali. Niliwaza kile kibanda, benchi lake, mafundi na wateja wao, watu ambao humpata mke wangu mzima wakati mimi nampata akiwa amechoka. Niliwaonea wivu wote. Nilimwonea wivu hata yule mimi wa kuigizwa, anayepata kicheko chote, huku mimi mwenyewe napata ugali.

Nilifika nyumbani jua likielekea kuzama. Alikuwa jikoni, nje, anasonga ugali.

"Niigize," nikamwambia.

"Nini?"

"Niigize. Vile unawafanyia huko sokoni."

Akaepua sufuria. Akaenda hadi kwenye mfereji, mkono mmoja mgongoni, tumbo mbele. Akainama. Akaligonga bomba kwa mwiko, akasema "Mhm" kwa sauti inayotoka puani, sauti yangu, kisha akamgeukia kuku aliyekuwa anajipitia zake, akamfokea kwa Kijaluo, matusi yangu yale yale, kwa mpangilio ule ule. Nilikuwa mimi kabisa. Nilicheka hadi nikashika ukuta, na huku nacheka nilikuwa namtazama usoni, nasubiri kile kicheko cha ukutani.

Akajinyoosha. Akaufuta mwiko kwa leso, akatabasamu, mdomo umefungwa vizuri, akaniuliza kama sasa anaweza kupakua.