Siku Mama Alipovua Malapa Mlangoni

Nilikuwa nimepiga magoti na kufumba macho kwenye ukumbi wetu mtaani Gatwekera niliposikia sauti ya mama. Nikadhani naota. Kabla ya mazoezi ya karate sisi hukaa hivyo kimya, mambo ya nje yabaki nje. Wajapani wanaita mokuso. Na saa hiyo mama alifaa kuwa barabarani akiuza visamaki vyake vya omena.

"Haki ya Mungu," akasema. "Kumbe ni kweli."

Nikafungua jicho moja. Amesimama mlangoni, beseni kichwani, mdomo wazi. Nikatazama alichokuwa anatazama, moyo ukanishuka. Watu miguu mitupu, nguo nyeupe, magoti chini, wote wameelekea ukuta mmoja. Kanisani kwetu ni hivyo hivyo: kanzu nyeupe, viatu vinabaki nje. Jirani alikuwa amemwambia nimehama kanisa, na sasa amejionea.

"Wameshakubatiza?" akaniuliza mbele ya watu wote.

"Mama, hii ni karate!"

"Karate gani ya magoti? Jumamosi huendi Kawangware. Huendi popote."

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wangu wa mkanda wa njano huko Kawangware. Mimi nilikuwa nimeshaota mpaka mkanda mweusi, mpaka nawafunza wasichana wa kwetu. Machozi yakanijaa.

Sensei, mwalimu wetu, ambaye kazi yake ni kuchomelea milango ya chuma, hakukasirika. Alimwinamia mama, mgongo umenyooka kama meza.

"Usiniinamie! Mimi si Mungu!" Mama akaruka, omena zikatikisika.

"Si kuabudu, mama. Hii ni rei. Kabla nimrushie mtu ngumi, namwambia kwanza nakuheshimu, sitaki kukuumiza."

"Na makelele? Watu wanasema mnapagawa."

"Hiyo ni kiai. Sauti ya kutoka tumboni, ngumi ipate nguvu."

Mama akashusha beseni. Akavua malapa. Akaja mpaka katikati yetu, akashika kiuno, akatoa ile sauti yake ya kukemea mapepo. Wee! Mabati yalilia. Jamaa mmoja wetu wa mkanda mweusi alirudi nyuma.

"Kama hiyo?"

"Mama," sensei akasema polepole, "hiyo hata mimi sina."

"Basi huyu wangu mfunze vizuri. Hata kanisani huimba kama kifaranga. Atauawa huko Kawangware."

Sikuamini masikio yangu. Yaani naenda?

Nilienda, na mama alikuja. Nilipewa nipigane na msichana wa huko mwenye mabega kama mlango. Nilipofungua mdomo kupiga kiai, sauti iliyotoka ilinishtua mwenyewe, na yeye pia.

Tulipomaliza, mkanda wa njano ukiwa mkononi mwangu bado una harufu ya dukani, nikamwinamia yule msichana. Nikageuka kumtafuta mama. Alikuwa mlangoni mwa ukumbi, miguu mitupu, naye pia anamwinamia yule msichana. Kidogo tu, kama mtu asiyetaka Mungu amwone.