Mtungi Wenye Pengo

Mama anayeunga vyungu vya makumbusho hupapasa ukingo wa kila kigae kwa ukucha, macho kayafumba, kama anayetambua uso gizani. Gundi huipaka kwa unyoya wa kuku, bila haraka. Asubuhi ya maonyesho, wageni wakiwa wamekwisha kufika uani, alipapasa ndani ya mtungi uliofukuliwa kwenye magofu. Michirizi ya vidole vya mfinyanzi ilikatika penye kigae cha mwisho, alichokibandika mama mwenyewe. Akaanza kukilegeza.

“Mama, utatuumbua! Kimekaa sawasawa, nani atajua?” msimamizi wa maonyesho alilalama.

“Kimekaa, mwanangu, lakini si cha mtungi huu. Huyu ni mdandiaji wa picha ya ukoo.”

Akakitoa, akaugeuza mtungi hadi pengo likaelekea mlangoni.

“Haya, wakaribishe.”