Rubani wa Mkono wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa ndege. Nilifika kwenye kiwanja chetu hapa Karatu asubuhi, viatu nimevipiga rangi mpaka vinang'aa, leseni mpya mfukoni, kifua mbele kama jogoo. Nilikuwa kijana wa Rhotia aliyesomea urubani, na nilitaka kila mtu alijue hilo kabla ya chai. Mkuu wa Marubani, Mgogo mmoja mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alinitazama kuanzia juu hadi chini, kisha akanipeleka kwa miguu kwenye mashamba ya ngano. Tulizunguka mpaka jua likawa la utosini. Alinionyesha kila waya wa simu, kila mti mrefu na kila kichuguu.

"Chuoni wamekufundisha kutazama mawingu," akaniambia. "Hapa utatazama nyaya. Ukiuona waya ukiwa angani, ujue umeshachelewa."

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, na kazi yake ilikuwa kunyunyizia dawa. Kulikuwa na kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaotua shambani kwa maelfu na kuacha mabua matupu, na kulikuwa na viwavijeshi. Ndege zetu zilikuwa na kiti kimoja tu. Unashuka mpaka magurudumu yanakaribia kugusa masuke, unamlenga mtu aliyesimama na bendera mwisho wa shamba, unafungua dawa, unafunga, unavuta usukani, ndege inapanda, unageuka na kurudi. Jamani, raha ile siwezi kuisimulia nikiwa nimekaa! Mpaka leo nikiieleza lazima nisimame, na mke wangu huhamisha vikombe mezani.

Ng'ambo ya pili, upande wa Manyara, kulikuwa na kampuni ya ndege za watalii. Marubani wake walivaa mashati meupe yenye mistari ya dhahabu mabegani. Walituita wapuliza dawa, wakasema tunanuka, na kweli tulinuka. Sisi tuliwaita madereva wa teksi. Kwa haki yao niseme kwamba kazi yao haikuwa lelemama. Kiwanja cha ukingoni mwa Ngorongoro kiko juu sana, hewa yake ni nyepesi, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili inyanyuke. Asubuhi wingu hulala palepale ukingoni na haliondoki mpaka lipende lenyewe. Ukishuka chini, ndani ya kreta, unapita kwanza bila kutua ili kufukuza nyumbu njiani, ndipo unazunguka na kutua. Nilikuwa nayajua hayo yote, ila wakati ule usingenisikia nikiyasema.

Halafu mpaka wa Kenya ukafungwa. Watalii wakapungua, vipuri vikawa adimu, na ndege nyingine zikakaa zikiota kutu kwa kukosa kifaa cha ukubwa wa kidole. Ikatoka amri kwamba kampuni hizi mbili ziwe moja. Niliposikia, niliruka. Nilijua sasa ndege za injini mbili zitakuwa zetu sote, na siku moja nitakaa kwenye kiti cha kapteni na kuvuka ukingo wa kreta na abiria nyuma yangu. Nilimpelekea mama yangu habari hiyo Rhotia siku ileile, akamshukuru Looa, Mungu wetu Wairaqw, akaniuliza kama abiria watavumilia harufu.

Furaha ile ilitiwa maji mapema. Kwa rubani kuna kitu kinaitwa ukuu kazini, yaani nafasi yake katika mstari. Aliye mbele ndiye anayepata kiti cha kapteni kwanza, ndiye anayechagua likizo kwanza. Mambo yakiwa magumu, wa mkiani ndiye anayerudi nyumbani kwanza. Katika kampuni moja mstari ni rahisi: aliyetangulia kuajiriwa ametangulia. Ila sasa mistari ilikuwa miwili, na mtu mzima hakubali kusukumwa nyuma hata hatua moja. Ndipo chama cha wafanyakazi kilipotuita kwenye ukumbi wa shamba moja la kahawa hapa Karatu, tukae mpaka tukubaliane.

Kikao kiliongozwa na Katibu wa Tawi, mama wa Mbulu aliyekuwa mwendesha redio wa kiwanja. Alikuwa amezoea kuongea na marubani waliochanganyikiwa hewani, kwa hiyo hakuna kelele iliyomshtua. Rubani Mkuu wa upande wa watalii, mtu mrefu, nadhifu, alisimama kwanza. Alisema sisi hatujawahi kubeba binadamu hata mmoja, hivyo sote tuanzie nyuma ya kijana wao wa mwisho. Mkuu wetu akajibu kwamba basi zihesabiwe mara za kutua, maana rubani wa dawa hutua mara nyingi zaidi asubuhi moja kuliko wao wiki nzima. Kwa hesabu ile sisi tungekuwa mbele yao wote. Makelele yaliyofuata yaliwafanya wachuma kahawa waje kuchungulia madirishani. Mimi nilikuwa katikati ya makelele hayo, na nilikuwa na sauti nzuri.

Siku ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili. Siku ya tatu akasimama rubani wao wa mwisho, kijana wa Kimaasai wa Nainokanoka aitwaye Lemburis. Aliajiriwa msimu uleule nilioajiriwa mimi. Alikuwa mpole wa maneno, jambo lililoniudhi, kwa sababu mtu mpole huwezi kugombana naye vizuri.

"Ndugu Katibu," akasema, "kwetu hili limeshatatuliwa zamani. Vijana wanaotahiriwa kwanza ni mkono wa kulia. Wanaofuata ni mkono wa kushoto. Wakishakomaa, wazee wanawaunganisha, wanakuwa rika moja, jina moja. Hakuna anayeuliza tena huyu alitoka wapi. Na sisi tufanye hivyo."

Alifafanua polepole. Walioajiriwa msimu mmoja, wa kampuni hii na ya ile, wawe rika moja. Rika la zamani likae mbele, linalofuata nyuma yake, mpaka la mwisho. Ndani ya rika wapangwe kwa zamu, mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto, kwa hiyo tofauti ya mtu na mwenzake ni hatua moja tu. Na asiwepo atakayenyang'anywa kiti alichokwishakalia.

Watu wakaanza kuhesabu marika yao kwa vidole. Hata Rubani Mkuu wao alikuna kidevu. Lilikuwa wazo zuri mno, na lilikuwa na tatizo moja lililoonekana dakika hiyohiyo: nani atakuwa mkono wa kushoto? Mkono wa kulia ndio mkubwa, Lemburis mwenyewe hakuficha. Marubani wa watalii wakasema wa kulia ni wao, kwa kuwa ndege zao ni kubwa. Wetu wakasema wao, kwa kuwa kampuni yetu ilianza kabla. Nikaona kazi ya siku tatu inataka kumwagika kama maziwa mlangoni.

Nikapiga hesabu yangu. Rika la mwisho lilikuwa na watu wawili tu, mimi na Lemburis. Kampuni yetu ikikubali kushoto, wenzangu wote wangerudi nyuma hatua moja na bado wangekuwa na mtu nyuma yao. Mimi ningekuwa mkia wa mstari mzima. Nyuma yangu ni ukuta. Wenzangu walijua hivyo, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kukubali kwa niaba yangu. Mkuu wetu alinitazama tu.

Mimi si mtu wa kukaa na jambo kifuani. Nilitaka kuruka, na kikao kile kikivunjika hakuna ambaye angeruka. Nikasimama nikasema sisi tutakuwa kushoto, tuandike, twende tukale. Watu walipiga makofi na meza. Nilihisi damu inanienda mbio kama vile nimeshuka juu ya masuke. Hofu ilikuja baadaye, nilipokuwa nimeshika sahani ya makande.

Tulipotaka kutia sahihi, Lemburis akaomba kiongezwe kifungu kimoja. Alisema morani, kijana shujaa wa Kimaasai, hanywi maziwa peke yake. Lazima awepo mwenzake wa rika. Kwa hiyo iandikwe kwamba rika halikatwi katikati. Rubani Mkuu wao alicheka, akakiita kifungu cha ng'ombe. Mama Katibu hakucheka. Alikiandika chini kabisa, kwa mwandiko wake wa duara, na wote tukatia sahihi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mitamu kuliko yote niliyofanya kazi. Lemburis alinifundisha kusoma wingu la ukingoni, na kutua Engaresero wakati upepo wa pembeni unaisukuma ndege kuelekea ziwani. Mimi nilimfundisha nyaya. Mara ya kwanza alipogeuka mwisho wa shamba, magurudumu yakivuta masuke, alitelemka amelowa jasho akacheka mpaka akakaa chini. Tulitaniana bila huruma. Nilimwambia arudishe ng'ombe wa babu zangu walioporwa na Wamaasai zamani, akaniambia Wairaqw tungewaficha tena kwenye mashimo chini ya nyumba, kama babu zetu walivyofanya, tuwapoteze.

Kisha mafuta yakaadimika. Meneja Mkuu mpya akaja kutoka Arusha, mtu wa maneno machache, akasema rubani mmoja lazima apunguzwe. Kila mtu alijua ni nani. Nilikuwa na watoto wawili wadogo na wa tatu njiani, na kazi nyingine sikuijua. Asubuhi niliyoitwa ofisini, kwa mara ya kwanza niliulaumu mdomo wangu.

Nilimkuta Lemburis amekwishakaa mle ndani, na Mama Katibu kando yake. Hakuna aliyewaita. Meneja alisema hana ugomvi na Lemburis. Wa kulia anabaki, wa kushoto anakwenda. Mama Katibu akamsomea kifungu. Meneja akasikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono.

"Vizuri," akasema. "Kama rika halikatwi, nawaondoa wote wawili. Lemburis, unataka hivyo?"

Nilimgeukia nimkataze. Alikuwa na mke, na baba yake alikuwa mgonjwa. Ilimtosha kunyamaza tu, na kesho angeamka akiwa rubani. Alivua kofia yake akaiweka mezani.

"Kiti kimebaki kimoja," akasema. "Nusu yangu, nusu yake. Ukiona hakigawanyiki, chukua na kofia."

Meneja aliitazama ile kofia, halafu akamtazama Mama Katibu, ambaye alikuwa anamtazama kama redio isiyojibu. Mwishowe akauliza kama tutaweza kuishi kwa nusu. Tulijibu kwa pamoja kwamba tutaweza, hata kabla ya kufikiri. Akasema basi tutoke ofisini kwake kabla hajabadili nia. Nje nilimkumbatia Lemburis nikalia mchana kweupe, kiwanja kizima kikitazama, na sikuona haya.

Tukaishi kwa nusu. Wiki moja aliruka yeye, mimi nikalima mahindi Rhotia. Wiki nyingine niliruka mimi, yeye akachunga. Kwake maziwa yakizidi yalikuja kwangu, kwangu maharage yakikomaa yalipanda kwake. Watalii waliporudi, kiti kikawa viwili tena. Ilipofunguka nafasi ya kapteni akaipata yeye, kwa kuwa alikuwa kulia, na msimu uliofuata nikaipata mimi. Siku hiyo nilivuka ukingo na wingu limeondoka, kreta yote imefunguka chini yangu, chumvi ya ziwa inang'aa, na nikapiga ukelele ambao abiria waliudhani ni sehemu ya safari.

Sasa nimestaafu. Marubani vijana hunijia nyumbani wakitaka kujua kampuni zikiungana mstari upangweje, na wana kompyuta za kupanga. Huwaambia wapange wanavyotaka, ila kila mtu amjue aliye hatua moja nyuma yake: jina lake, nyumba yake, watoto wake wanakula nini. Wengine huandika, wengine hutazama saa.

Lemburis hushuka Karatu siku za mnada, nami hukutana naye hotelini kwa chai. Tukifika mlangoni yeye hutangulia, eti ni wa kulia, nami humfuata nikinung'unika. Miaka yote imekuwa hivyo. Masika iliyopita aliugua sana. Nikapanda gari la maziwa hadi Nainokanoka, nikamkuta amelala, amekonda, blanketi limefika kidevuni. Nilikaa kitandani kwake nikamshika mkono. Nikamwambia milango yote nimemwachia, sijawahi kudai, lakini huu mmoja uliobaki sitaki atangulie.

"Rika halikatwi," akaniambia, kwa sauti ndogo.

Nikamwambia basi aamke. Alifumba macho kidogo, kisha akaomba uji.